Zamu ya kukaribisha mwaka ikikufikia: mwongozo kutoka nyumba ya Mikindani

Bibi alipofariki nilikabidhiwa ufunguo wa kabati lake la vyombo, na kazi ya kukaribisha mwaka ikaja pamoja na ufunguo. Kwa miaka kumi na zaidi nilikuwa mtu wa Dar es Salaam. Kila tarehe 30 Desemba nashuka stendi ya Mtwara, nafika Mikindani, nakuta uwanja umefagiliwa, kuku wamefungwa miguu chini ya mwembe, nazi zimerundikwa uani. Nakula, naoga bahari, napanda basi narudi. Sikuwahi kuuliza nani kafanya nini na kwa nini. Basi mwaka wa kwanza wa zamu yangu nilichokijua ni kupika tu, na upungufu wangu ukaonekana na kila mtu.

Namwandikia mwenzangu ambaye safari hii zamu ni yake, awe Mikindani, Lindi mjini, Mchinga, Kilwa Kivinje, au huko juu Newala na Masasi. Mama yangu ni Mmakonde wa Newala, baba ni mtu wa hapa pwani, kwa hiyo ya kwetu ni mchanganyiko. Nyumba yenu nayo ina yake. Kama wazee wako bado wapo, waulize kwanza wao, halafu urudi hapa.

Mwaka gani huo?

Pwani yetu ina mianzo mitatu ya mwaka, na mzee akitamka "mwaka" inabidi umsikilize ujue anasema upi. Upo wa Kiislamu, unaoanza Muharram, mwezi ambao Waswahili wa zamani huuita Mfungo Nne kwa sababu huanza kuhesabu miezi pale Ramadhani inapoisha. Huo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila ukija, ukiulinganisha na kalenda ya ukutani. Upo mwaka wa jua wa Waswahili, Nairuzi, wenye siku 365 kamili bila ile siku ya nyongeza ya Februari. Ndio unaofanyiwa Mwaka Kogwa kule Makunduchi, Unguja, mwezi Julai. Halafu ndio huu wa Januari.

Nayaeleza haya kwa sababu mambo kama kuoga bahari alfajiri yalikuwa ya ile Siku ya Mwaka ya zamani. Nyumba nyingi zimeyahamishia Januari mosi, na sioni kosa. Desemba ndipo watoto wamefunga shule na waliotawanyika wanarudi. Ndipo hela ya korosho inapoingia. Na kwetu Kusini mvua ni msimu mmoja, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, kwa hiyo Januari mosi inaangukia palepale jembe linapoingia ardhini. Mwaka wa shamba na mwaka wa kalenda hukutana mlangoni.

Mwanzoni mwa Desemba: nenda kwa mjomba

Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa kwao mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Ndiyo maana kwetu dua ya mwaka haifunguliwi na mwenye nyumba, hata kama nyumba kaijenga kwa jasho lake. Inafunguliwa na mjomba mkubwa aliye hai.

Hilo mimi nililiruka. Nilimwomba baba mdogo afungue, kwa kuwa alikuwa karibu na anasoma vizuri. Mjomba alikuwepo palepale mkekani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia amina, akala matonge mawili, akanawa. Hakugomba. Siku tatu baadaye mama ndiye aliyeniambia: "Umemkalisha mjomba wako kama mpita njia." Nilipanda gari hadi Newala na kuku wawili na shuka jipya, nikakaa chini uani kwake kabla sijasema lolote. Alinisamehe. Akaniweka mchana kutwa akinifundisha mambo ambayo bibi hakuwahi kuniambia, kwa sababu sikuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo nenda mwenyewe, simu peke yake haitoshi. Kama uko mbali, mtume mdogo wako na kitu mkononi, kisha simu ifuate. Mpelekee mjomba nauli ya kuja na kurudi. Kama macho hayamruhusu kusoma, mwulize anataka nani akae kando yake, usimchagulie.

Familia nyingi zetu zina Waislamu na Wakristo chini ya paa moja. Ukishuka Masasi na Ndanda, misheni ni za karne iliyopita na zaidi, na nusu ya shangazi zako huenda wanakwenda mkesha kanisani. Panga dua ya nyumbani ianze baada ya Isha na iishe kabla ya saa nne usiku, ili wa kanisani wawahi mkesha wao. Wapo pia ndugu wasiotaka kusikia habari ya kusherehekea Januari, kwa imani yao. Waite waje kwenye dua ya marehemu na kula pamoja. Kwetu wanakuja, na hakuna anayewaambia waseme "heri ya mwaka mpya".

Daftari la majina

Hapa usiwe na haraka. Majina ya waliotangulia ndiyo roho ya usiku ule, na ndiyo ya kwanza kupotea mzee anapoondoka.

Bibi alikuwa nayo kichwani, arobaini na kitu, anayataja kama mtu anayeshuka ngazi gizani bila kushika ukuta. Alipoondoka, hakuna aliyeweza kufika nusu. Mjomba alijua ya wanaume, mama ya wanawake, na shangazi mmoja wa Tandahimba alijua ya waliokufa wadogo. Nilinunua daftari kubwa gumu la kaunta, nikawakalisha.

Mpango unaofaa ni huu. Anza na mwanamke wa zamani kuliko wote mnayemjua, upande wa mama. Andika watoto wake kwa kufuatana kuzaliwa. Kisha chukua mabinti zake mmoja mmoja, uandike wa kwao. Wanaume waandike, lakini watoto wao wataitwa kwenye mikeka ya mama zao, usijitese kuwafuata. Mbele ya kila jina acha nafasi mbili: alikozikwa, na jina lake jingine. Hiyo ya pili ni muhimu, kwa sababu wazee wetu wengi walikuwa na jina la utotoni na jina walilotoka nalo jandoni au unyagoni. Sisi tulikuwa na mtu mmoja tuliyemwandika mara mbili, na mtu tuliyedhani ni huyohuyo kumbe ni ndugu wawili.

Usiwasahau wa ng'ambo ya Ruvuma. Wamakonde wako huku na wako Msumbiji, na mpaka waliuchora Wajerumani na Wareno katikati ya ndugu. Daraja la Umoja pale Mtambaswala lilifunguliwa mwaka 2010. Kabla ya hapo watu walivuka kwa mtumbwi, na wengine hawakurudi tena. Makaburi yao hatujayaona, ila majina tunayo.

Na wale waliokufa kabla hawajapewa jina waandike pia. Bibi alikuwa na mmoja aliyemwita "yule wa mvua". Alikuwa mtoto wake wa pili, aliishi usiku mmoja, usiku wa mvua kubwa, na kila mwaka alimtaja katika foleni, baada ya kaka yake na kabla ya mama yangu, kwa sauti ileile. Katika daftari letu yupo mstari wa saba: Yule wa mvua. Alikozikwa: nyuma ya nyumba ya zamani, Newala.

Siku mbili kabla, msomaji asome orodha yote kwa sauti mbele ya mama au shangazi. Makosa ya matamshi yatoke hapo, yasisubiri usiku wenyewe.

Hela na soko

Kwa watu ishirini na watano, nanunua mchele kilo 5, mbaazi kavu kilo 3, kuku wa kienyeji watano, nazi kumi na sita. Kumi za wali, sita za mbaazi na mchuzi. Sukari, unga wa mchele na hamira kwa ajili ya vitumbua vya asubuhi. Ubani robo kilo unabaki mpaka Ramadhani. Maembe sinunui, Desemba yanaanguka yenyewe.

Usikope kwa ajili ya siku hii. Korosho zetu zinakwenda chama cha msingi, zinaingia ghalani, zinauzwa mnadani, malipo yanapita benki. Utaratibu wa stakabadhi ghalani ulianza hapa Mtwara msimu wa 2007, na kila mkulima anajua kuna mwaka malipo yanawahi na mwaka yanachelewa. Anayeona sherehe imefika na benki hamna kitu, hujaribiwa kuuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, gunia lake limpatie nusu ya thamani ili wageni wale kuku. Usifanye hivyo. Mwaka mmoja malipo yalichelewa hadi Januari katikati, bibi akapika ugali wa mtama na mbaazi za nazi, kuku mmoja akagawiwa wazee, na mikeka ilijaa kama miaka mingine. Tena, kabla hujanunua hata ubani, toa ya sare na madaftari ya watoto uifungie. Shule hufunguliwa siku chache baada ya sherehe, na Januari ni ndefu.

Wenye vinyongo wakutane kabla

Wiki ya Krismasi fanya kazi hii kimyakimya. Kila ukoo una wawili wasiosalimiana. Usisubiri wakutane mkekani mbele ya watu, wataona haya na mambo yataharibika. Mpelekee mmoja chai, mwulize kama mwenzake akija atampa mkono. Kisha kwa mwingine. Ukikwama, mkabidhi mjomba. Bibi aliamini kwamba dua inayosomwa na watu waliokunjiana nyuso hairudi na kitu, nami naamini hivyohivyo.

Madeni nayo. Imani ya wazee ni kwamba deni likivuka mwaka linazaa. Kama huna la kulipa, nenda kwa anayekudai kabla ya tarehe 31, mwambie huna na utampa lini. Kwetu hilo lilihesabika kuwa umelivusha kwa heshima.

Tarehe 31, tangu asubuhi

Fagia mapema. Kufagia usiku kunakatazwa siku zote, wanasema unafagia riziki, na usiku huu ndio kabisa. Mwezi huu jua kwetu linazama kama saa 12:40 jioni, basi ifikapo saa kumi na moja fagio la chelewa liwe limesimamishwa nyuma ya mlango wa uani na taka zimeshatoka. Anza chumba cha ndani, malizia kizingitini. Vigae, vikombe vilivyovunjika mikono, ndara za mguu mmoja, vyote vitoke.

Kisha vyombo vijazwe. Ndoo za maji, mtungi kama mnao, kopo la chumvi, kopo la mchele, kibiriti kiwe na njiti. Mwaka usikute chombo kitupu. Nalipenda sharti hili kwa sababu nyingine pia: maji ya bomba yakikatika tarehe mosi, na watu ishirini na watano wako ndani, utamshukuru aliyeliweka.

Mbegu zitolewe. Mahindi, mtama, kunde, njugu mawe, ulichonacho. Zitandaze kwenye ungo, chagua zilizotobolewa na zilizovunjika, zilizobaki ziweke zikiwa zimefunikwa kwa kanga safi. Zitalala mkekani pamoja na majina.

Ubani unafukizwa baada ya Magharibi. Makaa mekundu kwenye chetezo, ubani kidogo kidogo, uanze chumba cha mkubwa wa nyumba, upite kila chumba, umalizie sebuleni. Anayefukiza asiongee habari nyingine. Lakini vyandarua vyote vifungwe juu kabla chetezo hakijaingia chumbani, maana cheche moja ya mkaa ikigusa chandarua ni moto wa nyumba nzima. Mwenye pumu akae nje upande wa upepo, aingie moshi ukishatulia. Mtoto mchanga vilevile.

Usiku

Mikeka itandikwe uani au barazani, wazee waegemee ukuta. Ungo wa mbegu katikati, glasi ya maji kando yake, daftari mbele ya msomaji. Mjomba anafungua kwa maneno yake, kwa Kimakonde au Kiswahili, apendavyo. Kisha majina. Baada ya kila jina watu huitikia kwa pamoja, kwetu tunasema "Mungu amrehemu". Watoto wasifukuzwe, waache walale mapajani wakisikia. Mimi majina niliyokuwa nayo kichwani nilipopewa zamu ni yale yaliyoniingia hivyo, nusu usingizini.

Upande wa mama upo utaratibu wa unga: mjomba huweka unga wa mtama kidogo chini ya mti wa msolo, akazungumza na wazee. Ni wa tangu enzi, Wayao na Wamakua wanaujua pia. Siku hizi kwetu mjomba anaufanya kwake Newala, alfajiri ya siku anayoondoka, na wanaotaka wanakwenda kusimama naye. Hakuna anayelazimishwa, na hakuna anayeruhusiwa kucheka.

Majina yakiisha, msomaji asome Fatiha, Mkristo mmoja asali, glasi ya maji ipitishwe kila mtu anywe funda. Halafu kila mtu amgeukie wa kushoto na wa kulia aombe radhi. Hapo ndipo kazi yako ya wiki ya Krismasi itakapoonekana.

Saa sita usiku watoto wapewe sufuria na mifuniko wapige mpaka wachoke. Wanasema kelele zinaufukuza mwaka mzee. Matairi yasichomwe barabarani, polisi huyakataza kila mwaka, na moshi wake mbaya. Fataki ziache. Makuti ya Desemba ambayo mvua haijayalowesha hushika moto kama petroli, na mitaa yetu bado ina mapaa ya makuti.

Alfajiri: kuoga bahari

Siku ya kwanza tunaoga bahari kabla jua halijapanda. Unazama mara saba, uso ukielekea majini, kisha unatoka bila kugeuka nyuma. Bibi alikuwa akisema, "Nenda na yako, tuachie yetu," anauambia mwaka uliokwisha.

Jioni ya tarehe 31 waulize wavuvi maji yakoje. Kama ni bamvu, yaani mwezi ni mpevu au ndio unaandama, maji hujaa kama saa kumi alfajiri, na mnapofika nyinyi saa kumi na mbili ndiyo yanatoka kwa nguvu. Kwenye ghuba zenye mdomo mwembamba kama ya Mikindani, maji yanayotoka huvuta. Kaa mbali na mkondo, tafuta sehemu ya mchanga, kila mtu mzima ashike mtoto mmoja tu mkononi. Aliyekunywa asiingie majini. Kila sikukuu, mwaka hadi mwaka, nasikia habari ya mtoto aliyechukuliwa na maji mahali fulani katika pwani hii. Walio bara, kama Nachingwea au Newala, wanaoga maji ya ndoo yaliyotiwa chumvi ya mawe na kuachwa nje usiku. Yanatosha.

Nguo ya zamani usiitupe baharini kama wafanyavyo wengine. Inanasa kwenye nyavu za mtu.

Mguu wa kwanza

Mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti siku ya mwaka ndiye anayeleta mguu. Kuna mguu mwepesi na mguu mzito, mwenye mguu mwepesi nyumba itapata, mwenye mguu mzito mambo yatakwama. Hata wenye maduka wanaujua: mteja wa kwanza asirudishwe, asikopeshwe.

Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja mjane, muuza samaki wa kukaanga. Alizika mume na watoto wawili ndani ya miaka michache, na watu wakaanza kusema mguu wake mzito. Hawakumwambia usoni. Ila Januari mosi aliijua njia ya kupita, ile ya nyuma ya msikiti ambako hakuna milango, na alikaa kwake mpaka mchana ili asimharibie mtu mwaka. Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Bibi alipotambua, hakuitisha kikao. Alfajiri ya mwaka uliofuata, tulipotoka baharini nguo zikiwa bado zinatiririka maji, alituacha mlangoni tumesimama, akaenda mwenyewe mpaka kwa yule mama, akamshika mkono akamleta. Tulimsubiri nje wote. Akaingia yeye kwanza, mguu wa kulia, mikono yake inatetemeka, ndipo sisi tukaingia. Akapewa kiti na kitumbua cha kwanza kutoka kwenye kikaango. Mwaka huo mikorosho ilibeba vizuri, na bibi alihakikisha kila jirani anajua ni mguu wa nani.

Kwa hiyo hatua yako ni hii: panga mguu wa kwanza mapema, na umpange yule ambaye mtaa unamkwepa. Mwambie siku moja kabla ili ajiandae.

Chakula

Asubuhi ni vitumbua na mbaazi za nazi. Mbaazi loweka tangu jana yake mchana, chemsha ziive kabisa kwa maji matupu, ndipo utie tui la pili, chumvi, kitunguu, na mwisho kasimile, lile tui zito la kwanza, moto mdogo, ukikoroga upande mmoja lisikatike. Tui likitiwa mbaazi zikiwa bado ngumu hazitaiva tena, utazipika mpaka Adhuhuri.

Mchana ni wali wa nazi na kuku. Kuku ana hesabu yake. Firigisi ni ya mjomba, na ihakikishe mwenyewe kabla sahani haijatoka jikoni, maana vijana wa jikoni wana mikono. Anayepakua apeleke kwanza sahani ya sadaka kwa mzee au jirani asiyejiweza. Kuna imani kwamba siku hiyo hela isitoke nyumbani kabla haijaingia. Sadaka haihesabiwi humo, bibi alilisema hilo waziwazi. Watoto wa mtaa watakuja kuomba sikukuu yao, weka chenji za sarafu tayari.

Mengine utakayoyasikia

Chumvi haiazimwi usiku, wala sindano. Wengine hata kuzitaja majina jua likizama hawataki. Ukijikwaa mguu wa kushoto unapotoka, rudi ukae kidogo. Kiganja cha kulia kikiwasha, hela inaingia. Haya yana raha yake na hayamuumizi mtu, wafundishe watoto.

Bundi akilia juu ya paa usiku wa mwaka, watu hutafuta wa kumlaumu, na lawama humwangukia mwanamke mzee anayeishi peke yake. Hapo simama. Bundi anafuata panya, na panya wanafuata mahindi na korosho mlizorundika ndani. Ukipewa ufunguo wa nyumba umepewa na kazi ya kunyamazisha maneno hayo yakianza.

Ikitokea mtoto wa kike amezaliwa siku hiyo, jina Mwaka lipo na ni zuri. Tunao wawili.

Tarehe 2

Wageni wakishapanda magari, machicha yamekwisha kwenda kwa kuku waliosalia na mikeka imekung'utwa, chukua ule ungo. Mbegu zilizolala na majina zinakwenda shambani siku hiyohiyo kama ardhi imelowana kiasi cha kidole kizima. Kama bado kavu, zirudishe kwenye kibuyu na jivu, ungoje mvua, usipande kwa sababu ya tarehe. Mahindi tunapanda mbegu mbili kwa shimo, mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 60. Bibi alipima kwa hatua na unyayo, na mama anapima hivyo mpaka leo. Shimo la kwanza anachimba mjomba kama hajaondoka. Akiwa ameondoka, anachimba mtoto mdogo kuliko wote anayeweza kunyanyua jembe, na mkubwa anasimama nyuma yake kushika mpini.